Muulize Fundi: Kabla ya kununua RAM, soma maandishi juu ya prosesa

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Dortmund, kwetu ni Morogoro. Kwenye soko la mitumba nimepata kompyuta ya Amiga 1200 iliyo kamili, kibodi haijapoteza kitufe hata kimoja, na ndani ina kadi ya kuongeza kasi yenye prosesa ya 68030. Muuzaji alikuwa na haraka ya kufunga meza. Michezo nimeshaichoka, sasa nataka kuiwekea NetBSD, ule mfumo endeshi wa jamii ya Unix. Wenzangu darasani wanasema najisumbua, mashine ya 1992 haiwezi kubeba Unix. Ni kweli? Na kama inawezekana, nianzie wapi? Nilikuwa naelekea kuagiza RAM kwanza.*
Msomaji, Dortmund

Marahaba mwanangu. Inawezekana, tena si jambo jipya. NetBSD 1.0 ilipotoka Oktoba 1994, Amiga ilikuwa tayari ni miongoni mwa kompyuta inazozikubali, na Commodore, watengenezaji wake, walikuwa wameshafilisika tangu Aprili mwaka huohuo. Watu wa kujitolea wameendelea kuitunza hadi leo: NetBSD 10.0 ya Machi 2024 ina faili zake za Amiga. Kwa hiyo hutafuti kitu kilichooza kwenye kona ya jalala. Utapakua mfumo ulio hai.

Wenzako wanahesabu miaka na megahezi, na hapo ndipo wanapopotea. Ken Thompson alipoanza Unix pale Bell Labs mwaka 1969, alikuwa na kompyuta ya PDP-7 ambayo kumbukumbu yake haikufika KB 20. Amiga 1200 ilitoka dukani na MB 2. Kasi unayo, nafasi unayo. Swali la kujiuliza ni moja tu, nalo ndilo linalonifanya nikuzuie kidogo kwenye hiyo RAM: prosesa yako ina MMU au haina?

MMU (memory management unit) ni sehemu ya prosesa inayotafsiri anwani. Programu ikisema inataka kilichopo kwenye anwani 1000, MMU ndiyo inayojua anwani hiyo iko wapi hasa ndani ya RAM, na ndiyo inayosema kama programu hiyo ina haki ya kugusa hapo. Fikiria nyumba ya kupanga ambayo kila mpangaji anaamini chumba chake ni namba 1, na ni mwenye nyumba peke yake anayejua nani yuko wapi. Mpangaji hawezi kuingia kwa jirani hata akitaka, maana mlango wenyewe haujui ulipo. NetBSD imejengwa juu ya utaratibu huo tangu msingi. Bila MMU kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, haitaamka, hata ukiiongezea RAM kiasi gani.

AmigaOS, mfumo wa Amiga wenyewe, haikuhitaji MMU, na ndiyo sababu Commodore waliweza kuuza mashine ya bei nafuu inayoendesha kazi nyingi kwa mpigo tangu 1985. Programu zote zilikaa kwenye uwanja mmoja, zikapelekeana ujumbe kwa kuoneshana tu anwani ulipo. Hakuna kunakili, hakuna kusubiri, ndiyo maana hadi leo ukiburuta dirisha kwenye Amiga unahisi wepesi wake. Gharama yake unaijua kama umecheza nayo: programu moja ikiandika pasipo pake, mashine nzima inaanguka na lile boksi jekundu la Guru Meditation linaanza kumulikamulika.

Sasa fungua kava. Amiga 1200 tupu ina 68EC020 ya 14 MHz, isiyo na MMU. Hiyo haina njia. Wewe una 68030, na hapa ndipo watu wengi wanapolizwa. Motorola waliuza 68030 za aina mbili. Kuna 68030 kamili, yenye MMU ndani yake, na kuna 68EC030 ya bei ya chini ambayo MMU haihesabiki. Watengenezaji wa kadi walizitumia zote mbili, na kwenye matangazo ya kuuza mtu anaandika "030" tu. Chukua kurunzi, inamisha mazabodi, usome maandishi juu ya prosesa yenyewe. Ukiona MC68030 kisha herufi nyingine na kasi yake, kwa mfano 50, umepata. Ukiona herufi E na C katikati ya 68 na 030, hiyo kadi ni nzuri kwa michezo na kwa AmigaOS, lakini kwa NetBSD weka pesa zako mfukoni. Kama limebandikwa bati la kupozea juu yake usilibandue kwa bisibisi. Tafuta jina la kadi kwenye kingo za bodi. Blizzard 1230 IV, kwa mfano, ilikuwa ikija na 68030 kamili, na nafasi yake moja ya RAM inapokea hadi MB 128.

Mtego huohuo uko hata kwenye Amiga kubwa. A4000/030 ilitoka kiwandani na EC030, wakati A3000 iliyoitangulia ina 68030 yenye MMU. Tena kadi za kisasa za Vampire, ambazo kasi yake inawavutia vijana, prosesa yake ya 68080 haina MMU inayofanana na ya Motorola, kwa hiyo NetBSD haiendi. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu naletewa mashine karakana hapa Birmingham na watu waliokwisha kununua, na inaniuma kumwambia mtu arudi nazo.

Tuseme umesoma na ni 68030 kamili. RAM sasa agiza: mimi sishauri chini ya MB 16, na 32 inakupa raha. Kama kadi ina tundu la 68882, ambayo ndiyo prosesa ya hesabu za desimali, ijaze. Bila hiyo utateseka.

Kabla hujawasha tena, mambo mawili ya umeme. Kapasita ndogo za fedha zilizolehemiwa juu ya mazabodi ya 1200 zimezeeka, na zikizeeka zinavuja maji yanayokula njia za shaba. Dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti kufifia. Ukigusa mguu wake kwa chuma cha kulehemia na ikapanda harufu kama ya samaki, hiyo imevuja, zibadilishe zote. Usiruke hatua hii hata kama mashine inawaka vizuri. Pili ni adapta. Iliyokuja na 1200 ni dhaifu kuliko ile nzito ya A500, na plagi ni moja. Ndiyo maana wengi wenye kadi za 68030 walihamia ile ya A500. Pima laini ya volti 5 mashine ikiwa imewaka na kadi iko ndani. Ikishuka chini ya 4.75, tafuta adapta nyingine kabla hujalaumu programu.

Diski: chukua kadi ya CompactFlash na kiunganishi chake cha pini 44, inakaa pale pale palipokusudiwa diski ngumu ya inchi 2.5. AmigaOS 3.0 na 3.1 hazioni kupita GB 4, na ukizilazimisha zinazunguka na kuandika mwanzoni mwa diski, juu ya data yako. NetBSD yenyewe haina shida hiyo. Kwa hiyo patisheni ya AmigaOS iwe mwanzoni na iwe ndogo, MB 100 zinatosha. Kwenye patisheni hiyo weka pia MaxTransfer, yaani kiasi cha juu cha data kinachohamishwa kwa mpigo, kuwa 0x1FE00, maana kadi nyingi za CompactFlash huharibu faili kubwa kimyakimya thamani hiyo ikiwa juu zaidi.

Nafika sehemu ninayoipenda. Fungua HDToolBox, ile programu ya AmigaOS ya kugawa diski. Amiga haitumii mpangilio wa PC. Mwanzo wa diski kuna orodha inayoeleza kila patisheni jina lake, inaanzia wapi, inaishia wapi, na ni ya mfumo gani wa faili. Hilo la mwisho linaandikwa kwa namba moja ya heksadesimali. Patisheni kuu ya NetBSD iandikie 0x4E425207. Ya swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, iandikie 0x4E425301. Ukiwa na ya ziada ya mafaili yako, 0x4E425507. Usizinakili kama kasuku, zitazame. 4E ni N, 42 ni B, 52 ni R: NBR, kisha 07. Ya pili ni NBS na 01, ya tatu NBU na 07. Waliotengeneza walitia saini ndani ya namba, na ukishaiona saini hiyo huwezi kukosea tena, hata usiku wa manane bila karatasi. Baada ya hapo zima chaguo linaloiruhusu AmigaOS kupandisha patisheni hizo yenyewe, la sivyo itakuonesha ikoni ya diski isiyoitambua na siku moja mtu atabonyeza kuiformati.

Usakinishaji una ujanja mmoja mzuri. Mfumo mdogo wa kusakinishia unaandikwa kwenye patisheni ya swapu, kwa programu iitwayo xstreamtodev unayoiendesha ukiwa bado ndani ya AmigaOS. Swapu bado haina kazi wakati huo, kwa hiyo inaazimwa. Ipe MB 64 na utakuwa na nafasi tele. Kisha kwenye sheli ya AmigaOS unaandika

loadbsd -b netbsd

na hapo AmigaOS inaondoka kwenye kumbukumbu kabisa. Skrini inageuka, kerneli inaanza kutaja ilichokikuta: prosesa, MMU, RAM, poti, diski. Soma mstari wa prosesa kwa makini, ndipo utakapothibitisha ulichokiona kwa kurunzi. Ile -b inaifanya ikuulize mfumo uko wapi. Jibu wd0b, ambayo ni swapu. Fuata maswali ya usakinishaji, na ukimaliza, anzisha tena kwa njia ileile lakini safari hii jibu wd0a, ambayo ni patisheni kuu.

Usishtuke ikikupigia kelele kuhusu tarehe. Amiga 1200 ilitoka kiwandani bila saa yenye betri. Kadi nyingine wameiweka saa juu yake, Blizzard 1230 ikiwemo, lakini betri yake ya miaka ya tisini itakuwa imekufa. NetBSD ikikosa saa inachukua tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mfumo wa faili, inasonga mbele kutoka hapo, na inakuomba urekebishe. Ukiwa na mtandao, ifanye ichukue saa kutoka kwenye intaneti kila inapowaka. Kwa mtandao, tafuta kadi ya zamani ya PCMCIA ya biti 16 inayofuata kiwango cha NE2000, inaingia ubavuni kushoto. Ukizima na kuwasha haraka 1200 wakati mwingine inasahau kuiamsha kadi hiyo. Zima kabisa, subiri kidogo, ndipo uwashe.

Mwisho, kasi. Amri za kawaida, kuhariri faili, kukompaili programu ndogo ya C, vyote vinakwenda. Kinachochosha ni SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa usalama kupitia mtandao. Hesabu za usimbaji za siku hizi zimekadiriwa kwa prosesa za siku hizi, na mara ya kwanza mashine itakapotengeneza funguo zake, iache ifanye kazi na wewe uende ukapike. Mimi ya kwangu karakana nimeiunganisha kwa poti ya siriali, ile ya pini 25 nyuma, hadi kwenye laptopu. Vijana ninaowafundisha wanaingia kwa hapo. Ukiwa unataka kukompaili kerneli yako mwenyewe, usiifanye juu ya Amiga: pakua msimbo wa NetBSD kwenye laptopu yako ya Linux, utumie build.sh yenye -m amiga, na itakutengenezea kila kitu huko huko.

Mimi naipenda kazi hii kwa sababu hiyo ya vijana. Kwenye laptopu mpya ukiandika ps kuona kinachoendelea, orodha inapita skrini baada ya skrini na mwanafunzi anafumba macho. Kwenye Amiga orodha nzima inaenea skrini moja. Tunaipitia mstari kwa mstari, hii ni init, hii ni ya kurekodi matukio, hii ni sheli yako, hii ni wewe. Kijana anaondoka anajua kompyuta inafanya nini, siyo anaamini tu.

*Salaam, mwanangu. Nimestaafu, niko Muscat. Mwaka 1987 nikiwa London nilinunua Atari 1040ST na bado ninayo, safi. Mjukuu wangu ananiambia niitupe au niiwekee Unix. Nimekuelewa ulivyoandika siku zilizopita kuhusu MMU, na ST najua haina. Basi nimtupie mjukuu kweli?*
Msomaji, Muscat

Shikamoo Mzee. Usitupe, na mjukuu ana haki nusu. 68000 ya 8 MHz iliyo ndani ya 1040ST haina MMU, kwa hiyo NetBSD haipo mezani. Lakini kuna watu waliolitazama tatizo hilo wakalikwepa kwa akili, na ST ndiyo mashine nzuri kabisa ya kuiona akili hiyo.

Wa kwanza ni Minix. Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit, Amsterdam, aliitoa 1987, mwaka uleule uliyonunua mashine yako, ili wanafunzi wasome mfumo endeshi mzima kuanzia mstari wa kwanza. Baadaye ikahamishiwa Atari ST. Shida waliyoikuta ni hii. Kwenye Unix programu mpya inazaliwa kwa programu ya zamani kujinakili, na nakala hiyo inaamini iko kwenye anwani zilezile za mama yake. Ukiwa na MMU hilo ni jambo dogo. Bila MMU, viumbe wawili hawawezi kukaa anwani moja. Basi Minix ya ST inaweka nakala pembeni, na kila zamu ya mmoja inapofika, inabadilishana yaliyomo: huyu anarudishwa mahali pake, yule anapelekwa pembeni. Ni kazi ya kubeba mizigo kwelikweli, inakula muda, lakini inafanya kazi, na mara nyingi haidumu kwa sababu nakala karibu kila mara inapakia programu nyingine mara moja na kupata mahali pake. Minix iliachiwa kwa leseni ya BSD mwaka 2000, kwa hiyo unaitumia bila wasiwasi wa sheria.

Wa pili ni MiNT, iliyoanzishwa na Eric Smith. Hii haifukuzi mfumo wa Atari, inakaa ndani yake na kuuongezea tabia za Unix: kazi nyingi kwa mpigo, mpangilio wa saraka, amri unazozijua. Atari wenyewe waliipenda wakamwajiri, na ikawa kiini cha MultiTOS mwaka 1993. Wanaoiendeleza leo wanaiita FreeMiNT. Ulinzi wa kumbukumbu inautoa tu kwenye mashine zenye 68030 au ya juu zaidi, kama TT na Falcon za Atari, lakini kwenye 68000 bado inakwenda.

Ushauri wangu kwako, Mzee: kama unataka kumfundisha mjukuu, chukua Minix, maana mnaweza kusoma msimbo wake pamoja mkaumaliza. Kama unataka kuitumia mashine, chukua MiNT, ila kwanza ongeza RAM. MB 1 inabana, ST inakubali hadi 4. Disketi za zamani usizitegemee. Weka kifaa kiitwacho Gotek mahali pa kiendeshi cha disketi, utakuwa unabeba disketi zako zote kwenye flashi moja.

*Dada Fundi, nina Amiga 4000 yenye 68040. NetBSD au Linux? Mume wangu anasema Linux, ndugu yake anasema NetBSD, na mimi ndiye mwenye mashine.*
Msomaji, Leicester

Mashine yako, uamuzi wako. Kwanza hakikisha ni 68040 na siyo 68LC040, ambayo MMU inayo ila haina sehemu ya hesabu za desimali. Linux ya prosesa za familia ya 68000 bado imo ndani ya msimbo rasmi wa kerneli, na Debian wanayo kama tawi lisilo rasmi, lakini ni nzito: inataka RAM nyingi na subira. NetBSD inaanza kwa kidogo, na kila kitu, kerneli na amri zake, vinatoka mahali pamoja. Mimi ningeanza na NetBSD. Kadi moja ya CompactFlash kwa kila mfumo, na ugomvi wa nyumbani mnaumaliza kwa kubadilisha kadi.

*Je, Commodore 64 haina lolote?*
Msomaji, Antwerp

Inalo. Kuna LUnix ya Daniel Dallmann, iliyoanza 1993. Ni mfumo mdogo unaofanana na Unix, unaendesha kazi kadhaa kwa mpigo ndani ya KB 64 na prosesa ya megahezi moja, na unaweza hata kuingia mtandaoni kwa laini ya siriali. Kwa kompyuta zenye Z80 na 6809 tafuta FUZIX, kazi ya Alan Cox ambaye zamani alikuwa mmoja wa nguzo za kerneli ya Linux. Aliijenga juu ya UZI, mfumo wa miaka ya themanini wa Doug Braun. Mingi ya mifumo hii inataka kiunganishi cha nje cha diski, kwa hiyo soma orodha ya vifaa kabla ya kununua chochote.

*Shikamoo Mama. Mimi nasoma safu yako kutoka Kisumu. Amiga sijawahi kuiona kwa macho, na kuagiza kutoka Ulaya na ushuru wake siwezi. Ninayo laptopu kuukuu ya Linux, RAM GB 4. Je, mambo haya ni ya walioko huko tu?*
Msomaji, Kisumu

Marahaba. Hapana, wala usisikie unyonge. Laptopu yako ya GB 4 inaweza kuwa Amiga, na inaweza kuwa kitu kikubwa zaidi kwa historia.

Amiga kwanza. Kwenye Linux kuna FS-UAE, programu inayoiga Amiga. Chagua 68030 na hakikisha uigaji wa MMU umewashwa kwenye mipangilio. Watu husahau hilo, wanabaki wakishangaa kerneli haiamki. Hatua zote nilizompa ndugu yako wa Dortmund zinabaki zilezile, namba za heksadesimali pamoja. Faili za ROM za Kickstart, programu ya kuwashia Amiga, zina mwenyewe, kwa hiyo nunua nakala halali, zinauzwa mtandaoni. Kama bei inakukwaza, ruka Amiga: programu ya QEMU inaiga kompyuta ya Macintosh Quadra 800 yenye 68040.

Lakini mimi ningekupeleka mbali zaidi nyuma. Sakinisha SIMH, programu ya bure inayoiga kompyuta ya kale ya PDP-11, halafu weka juu yake Unix ya toleo la 6, ya 1975. Kampuni ya Caldera iliziachia Unix za kale mwaka 2002 kwa leseni inayoruhusu yeyote kuzitumia na kuzisoma, kwa hiyo huibi kitu. Laptopu yako haitajua hata kama kuna kazi inaendelea. Ukishaingia utaona alama ya # inakusubiri. Andika ls, itajibu. Andika cd, itakukatalia: wakati huo amri ilikuwa chdir. Kihariri ni ed, kinachofanya kazi mstari mmoja baada ya mwingine kwa sababu watu walikaa mbele ya mashine ya kuchapa kwenye karatasi, siyo skrini.

Kisha ingia kwenye saraka ya msimbo wa kerneli. Kerneli yote ya toleo la 6 haifiki mistari 10,000, pamoja na ile michache ya lugha ya mashine. Mtu mmoja anaweza kuisoma yote akaielewa yote, na hayo ni maneno ambayo huwezi kuyasema juu ya mfumo wowote ulioko kwenye simu yako. Anza na faili inayoitwa slp.c, ambako utakuta sehemu inayoamua ni nani apate zamu ya prosesa. Isome polepole ukiwa na kalamu. Ukikwama niandikie utaje jina la faili na mstari, nami nitakujibu hapa hapa.